Karani, Mashine na Herufi Mbili: Historia Fupi ya Vifaa vya Uandishi katika Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Historia ya uandishi katika Afrika ya Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya vitabu, ya wamisionari na ya kamati za lugha. Ni mara chache historia hiyo hutazamwa kwa upande wa karani, yaani mtu aliyekalia mashine akitakiwa kuandika kumbukumbu za mkutano, kujumlisha michango na kutoa nakala kabla jua halijatua. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa upande huo, katika kaunti mbili za Ukambani, Kitui na Makueni. Swali linaloulizwa ni dogo kwa sura: mtumiaji wa kawaida wa programu ya ofisi isiyolipiwa anahitaji nini hasa? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba mahitaji yake ni machache, kwamba mengi yake ni yale yale ya enzi ya taipureta, na kwamba la kwanza miongoni mwayo ni lile ambalo mashine moja baada ya nyingine imekuja bila kulitimiza, nalo ni herufi za lugha yake.

Yafaa kwanza maneno mawili yafafanuliwe. Kwa programu ya ofisi inakusudiwa hapa programu ya tarakilishi ya kuandikia nyaraka, kupangia hesabu katika majedwali na kuandalia maonyesho. Mfano ulioenea sana katika kundi lisilolipiwa ni LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Kuhusu sifa ya kutolipiwa, Kiingereza kina neno moja linalobeba maana mbili, na wataalamu wanaoitumia lugha hiyo wamelazimika kulifafanua kila mara. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kitu chaweza kuwa cha bure, yaani hakina bei. Na chaweza kuwa huru, yaani mwenye kukipata ana ruhusa ya kukifungua, kukibadili na kumgawia mwenzake. Itaonekana mbele kwamba kwa karani wa Ukambani ubure ni jambo jema, bali uhuru ndio wenye manufaa ya kudumu.

2. Irabu saba

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,663,910 waliojitambulisha kuwa Wakamba, na wakazi 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni. Lugha yao, ambayo katika uainishaji wa Guthrie ni E.55, ina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Ziada hiyo ya irabu mbili ndiyo chimbuko la matatizo yote yatakayoelezwa.

Maandishi ya Kikamba kwa herufi za Kirumi yalianza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. J. L. Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa misafara. Akiwa huko, tarehe 3 Desemba mwaka huo, aliuona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapwa Tübingen, Ujerumani, mwaka ule ule na mji ule ule ulikochapwa muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili. Kwa hiyo lugha hizi mbili ziliingia katika chapa za Kirumi karibu pamoja, kwa mkono wa mtu mmoja. Lakini safari zao hazikufanana.

Tofauti ilitokana na namna ya kuziandika irabu. Lugha yenye irabu saba inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kuongeza herufi mpya, au kutia alama juu ya herufi zilizopo. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, katika mwongozo wake wa mwaka 1927 uliosahihishwa mwaka 1930, ilipendekeza njia ya kwanza, ikitumia herufi ɛ na ɔ. Kikamba, kama jirani yake Gĩkũyũ, kiliishia katika njia ya pili. Irabu mbili zilizo kati ya i na e, na kati ya u na o, huandikwa kwa kutia kiwimbi juu ya i na u: ĩ na ũ.

Mtu asiyeijua lugha hii aweza kudhani kwamba viwimbi hivyo ni mapambo. La hasha. Viambishi awali vya ngeli nyingi vinavibeba: mũ- na mĩ-, kĩ-, ũ-, tũ-, na kũ- ya kitenzi-jina. Mtu ni mũndũ, watu ni andũ, miti ni mĩtĩ, kitu ni kĩndũ. Jina la lugha yenyewe, Kĩkamba, na la msemaji wake, Mũkamba, hayawezi kuandikwa kwa ukamilifu bila alama hizo. Kwa kuwa upatanisho wa kisarufi katika lugha ya Kibantu huning'inia kwenye viambishi, kuondoa kiwimbi ni kuondoa sauti mahali ambapo sarufi yote imefungwa.

Kiswahili Sanifu hakikupatwa na adha hii. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa na lugha yenye irabu tano mkononi, nayo iliandikwa kwa herufi za kawaida za Kirumi, bila alama yoyote ya juu isipokuwa kibainishi katika ng'. Taipureta iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza iliweza kuandika Kiswahili siku ile ile ilipotolewa katika sanduku lake. Bahati hii imewafanya wanazuoni wa Kiswahili wasiione sana shida ya majirani zao, na athari yake itaonekana katika sehemu ya 5.

3. Taipureta na daftari la kikundi

Kabla ya kuja kwa mashine, Wakamba walikuwa na utaratibu wa kushirikiana kazi ulioitwa mwethya: majirani walikusanyika kulima, kujenga au kuvuna kwa zamu. Katika miaka ya 1940 na 1950 utaratibu huo ulitumiwa katika kuchimba makingamaji ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Wilaya ya Makueni ilitengwa mwaka 1992. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 ari ile ile iliingia katika miradi ya harambee ya kujenga shule, zahanati na mabwawa. Mbithi na Rasmusson (1977) waliichunguza harakati hiyo kwa kina, wakiiona kuwa ni msingi wa kujitegemea kwa watu wa mashambani.

Mwethya wa zamani haukuhitaji karatasi, kwani kila mtu alimjua aliyekuja na asiyekuja. Harambee iliihitaji. Fedha zilichangwa na watu wasiojuana. Serikali ilitaka orodha. Mfadhili alitaka barua. Ndipo kila kikundi kikawa na mwenyekiti, mweka hazina na katibu, na katibu akawa na daftari. Kazi za daftari hilo zilikuwa nne: kumbukumbu za mikutano, orodha ya wanachama na michango yao, barua kwa chifu au kwa afisa wa wilaya, na tangazo la mkutano ujao. Ilipobidi nyaraka ziende ofisini, zilipelekwa kwa mpiga chapa mjini.

Mpiga chapa huyo alikuwa na taipureta isiyo na kiwimbi. Aliyetakiwa kuandika Kikamba alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuandika bila alama. Ya pili ilikuwa kuandika bila alama, kisha kuzitia kwa kalamu karatasi ilipotoka, kazi ambayo kwa ukurasa mmoja ilidai mamia ya vialama, na kwa nakala za kaboni ilibidi irudiwe kwa kila nakala. Ya tatu ilikuwa kuandika kwa Kiingereza au Kiswahili. Si vigumu kuona ni njia zipi zilizokuwa nyepesi. Hivyo mashine, bila amri ya serikali wala azimio la kamati yoyote, ilisukuma maandishi ya Kikamba upande wa tahajia pungufu, na kumbukumbu za vikundi upande wa lugha nyingine.

Wachapaji wa vitabu walikuwa na nafasi kubwa zaidi. Biblia nzima ya Kikamba ilitoka mwaka 1956. Miaka miwili kabla ya hapo, John Mbiti, mzaliwa wa Mulango katika Kitui, alikwisha kuchapisha hadithi ya Mutunga kwa lugha hiyo. Lakini kitabu hutoka mara moja kwa miaka mingi, ilhali kumbukumbu za mkutano huandikwa kila mwezi. Mazoea ya umma katika tahajia hujengwa zaidi na lile liandikwalo kila mwezi.

4. Tarakilishi na majedwali ya herufi

Ingetazamiwa kwamba tarakilishi, ambayo haina vyuma vya herufi vya kukatwa, ingeliondoa tatizo hili mara moja. Haikuwa hivyo. Tarakilishi haijui herufi bali namba, na kila herufi lazima iwe na namba yake katika jedwali lililokubaliwa. Jedwali la Marekani la miaka ya 1960, ASCII, lilikuwa na nafasi 128 tu. Kiwimbi kilimo humo, lakini kikisimama peke yake, si juu ya herufi. Jedwali lililofuata kwa lugha za Ulaya ya Magharibi, ISO 8859-1 la mwaka 1987, liliongeza herufi nyingi zenye alama. Lilikuwa na ã na õ za Kireno na ñ ya Kihispania. Halikuwa na ĩ wala ũ, kwa kuwa hapakuwa na lugha kubwa ya Ulaya ya Magharibi iliyozihitaji.

Yamkini linaloshangaza zaidi ni kwamba herufi hizo mbili zilikuwamo katika jedwali jingine la ukoo ule ule, ISO 8859-4, lililokusudiwa kwa nchi za Baltiki, Wasami na Greenland, kwani tahajia ya zamani ya Greenland ilizitumia. Hivyo msemaji wa Kikamba angeweza kuandika lugha yake kwa ukamilifu iwapo tarakilishi yake ingepangwa kana kwamba iko karibu na Ncha ya Kaskazini. Wengine walitafuta vijia. Baadhi ya waandishi wa Kikamba na Gĩkũyũ walikimbilia î na û, herufi zilizopatikana kwa ajili ya Kifaransa. Wengine walitumia fonti zilizogeuzwa, ambamo namba ya herufi moja ilichorewa umbo la nyingine. Hati iliyoandikwa kwa fonti ya namna hiyo ilisomeka katika mashine iliyokuwa na fonti hiyo. Ilipopelekwa kwingine ikageuka fumbo.

Ufumbuzi ulitoka katika jedwali la Unicode, lililoanza kutolewa mwaka 1991 kwa lengo la kuzipa namba herufi za lugha zote. Humo ĩ ina namba 0129 na ũ ina 0169. Fonti nyingi za kisasa huzichora bila shida, na sababu mojawapo ni kwamba Kivietinamu, chenye mamilioni ya waandishi, hukitumia kiwimbi hicho hicho juu ya herufi hizo hizo. Matokeo yake yanaonekana katika kazi kubwa: mwaka 2014 ilichapishwa tafsiri ya Agano Jipya kwa Kikamba ambayo Mbiti, akiwa mzee, aliifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki.

Hata hivyo, kuwa na namba si sawa na kuwa na kitufe. Kibodi inayouzwa Kitui mjini, Mwingi au Wote ni ya Kiingereza. Herufi imo ndani ya mashine, lakini karani asiyejua njia ya kuiita ni sawa na mtu mwenye maji kisimani asiye na kamba.

5. Menyu au herufi?

Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika mradi uliojulikana kama KiLinux. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Microsoft nayo iliandaa sura ya Kiswahili ya programu zake za kulipiwa. Haya yalikuwa matukio makubwa katika historia ya lugha. Kwa mara ya kwanza mtu wa Afrika ya Mashariki aliweza kufungua programu nzima ya ofisi na kukuta amri zake zimeandikwa kwa lugha yake ya taifa. Istilahi nyingi zilibidi zibuniwe au zichaguliwe, na mjadala kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi ukapata uwanja wa majaribio badala ya kubaki katika orodha za maneno.

Hakuna haja ya kuipunguza thamani ya kazi hiyo. Hata hivyo, mwanahistoria ana wajibu wa kuuliza kwa nini ilianzia kwenye menyu. Jibu limedokezwa tayari: Kiswahili hakikuwa na upungufu wa herufi. Wanaisimu walioikabili programu walikuta lugha yao inaandikika vizuri, hivyo kilichobaki machoni mwao kilikuwa lugha ya amri. Kama kazi hiyo ingeanzia Ukambani, mpangilio wa mahitaji ungekuwa mwingine. Karani aliyejifunza kazi katika chuo cha ufundi au kwa kutazama mwenzake huizoea menyu ya Kiingereza kwa umbo na mahali pake, kama vile fundi anavyokijua kifaa kwa mkono. Hujua kwamba amri fulani iko juu kushoto. Kisichozoeleka ni mashine kumkatalia neno aliloliandika sawasawa.

Yako mapingamizi ya kujibiwa. Huenda mtu akasema kwamba kazi nyingi za ofisi katika kaunti hizi hufanywa kwa Kiingereza, hivyo herufi za Kikamba ni jambo la hisia tu. Hoja hii inapuuza mahali mkutano unapofanyika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeziagiza kaunti ziutekeleze. Makueni, katika kipindi cha ugavana wa Kivutha Kibwana, kuanzia 2013 hadi 2022, ilipata sifa nje ya mipaka yake kwa kuanzisha mijadala ya bajeti kutoka vijijini na kuipandisha ngazi kwa ngazi hadi kaunti. Kaunti hiyo ina wadi 30, na Kitui ina 40. Mkutano wa kijiji unaoamua kati ya bwawa na zahanati huzungumzwa kwa Kikamba. Kumbukumbu zake zikiandikwa kwa Kiingereza, hazitakuwa tena kumbukumbu bali tafsiri, na mfasiri wake ni mtu mmoja tu, katibu, asiyekaguliwa na mwingine. Mzee aliyesimama kusema kuhusu maji hawezi kusomewa maneno yake akayathibitisha. Kwa hiyo basi, suala la herufi mbili ni suala la nani ana uwezo wa kukagua kilichoandikwa kwa jina lake.

6. Mahitaji ya mtumiaji wa kawaida

Kutokana na historia hii yaweza kutajwa mambo sita ambayo programu huru ya ofisi inapaswa kuyatimiza kwa watumiaji wa namna hii.

Kwanza ni herufi zenyewe, kwa kitufe kimoja au viwili. Jambo hili si gumu kiufundi. Mifumo ya Linux ina mpangilio wa kibodi wa Kenya, wenye sehemu ya Kiswahili na sehemu ya Gĩkũyũ, na hiyo ya pili inatoa ĩ na ũ ambazo Mkamba pia anazihitaji. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha karani kwamba mpangilio huo upo na kwamba jina la jirani juu yake halimzuii kuutumia.

Pili ni ukaguzi wa tahajia. Programu iliyowekwa katika Kiingereza huipigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili au Kikamba, hata mwandishi akaona lugha yake yote kuwa kosa. Wengi huizima huduma hiyo, na hapo makosa ya kweli hupita pamoja na yale ya uongo. LibreOffice husafirishwa ikiwa na kamusi ya kukagulia Kiswahili. Ya Kikamba haimo. Ugumu hapa ni wa kiisimu. Tukichukua kitenzi kimoja cha Kiswahili, viambishi 14 vya kiima, viambishi 6 vya njeo na hali, na nafasi 15 za yambwa tukihesabu pia nafasi iliyo tupu, twapata maumbo 1,260 kwa hesabu ya karatasini, kabla ya kugusa kauli za kutendea, kutendesha au kutendwa. Orodha ya maneno tu haiwezi kutosha, zinahitajika kanuni. Programu ya Hunspell, inayotumiwa na LibreOffice, ilibuniwa kwa ajili ya Kihangaria, lugha yenye viambishi vingi, na wenye lugha hiyo wenyewe. Kwa kuwa ni huru, kanuni zake ziko wazi kwa mwanaisimu yeyote wa Kibantu anayetaka kuzijaza kwa lugha yake. Hapa ndipo tofauti ya bure na huru inapoonekana: programu ya bure tu ingemwacha Mkamba asubiri hisani ya mwenye nayo.

Tatu ni jedwali la hesabu lililo sahili. Katibu wa kikundi cha akina mama anahitaji kujumlisha safu, kupanga majina kwa alfabeti, na kuchapa kichwa cha jedwali katika kila ukurasa. Hata katika kupanga majina, lugha ina neno la kusema: ni lazima mashine ijue kwamba ũ ni herufi na haipaswi kutupwa baada ya z. Vilevile ijue kwamba ũ iliyoandikwa kwa namba moja na ile iliyoundwa kwa u ikifuatwa na kiwimbi ni kitu kimoja; la sivyo mtu atatafutwa katika orodha na asionekane, ilhali mchango wake umo. Adha ya namna hii imekipata hata Kiswahili: kibainishi cha ng'ombe hugeuzwa na programu kuwa alama ya kufungia usemi, na mwenye kulitafuta neno hilo kwa kibainishi cha kawaida huenda asilipate.

Nne ni hati kupokewa kule inakopelekwa. Tangu kuanzishwa kwa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge mwaka 2003, na mifuko ya vijana na wanawake iliyofuata, vikundi vimetakiwa kupeleka katiba zao, kumbukumbu na mapendekezo yaliyochapwa. Umbo la wazi la hati, ODF, lilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, lakini ofisi inayopokea aghalabu hutumia Microsoft Word. Hati inayopoteza mpangilio wake ikifunguliwa huko humwaibisha katibu mbele ya afisa. Uwezo wa kutoa nakala ya PDF, ambao OpenOffice ilikuwa nao tangu mwaka 2003, na uaminifu katika kusoma na kuandika hati za Word, ni mambo yanayomfaa mtumiaji huyu kuliko mapambo yote ya maonyesho.

Tano ni kuhimili mazingira. Umeme ukikatika, hati isipotee. Mashine ikiwa kuukuu, programu isiielemee. Intaneti isipokuwapo, kazi isisimame. Karani wa taipureta hakulijua tatizo la kwanza, kwa kuwa kila herufi aliyoipiga ilikuwa tayari karatasini. Programu inayojihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache inarudisha tu kile ambacho mashine ya zamani ilikuwa nacho.

Sita ni violezo na tarehe. Kiolezo cha kumbukumbu, cha barua kwa chifu na cha ratiba ya mazishi kingeokoa saa nyingi. Kuhusu tarehe, mfano mmoja utatosha kuonyesha kwa nini kazi hii haiwezi kuachiwa mafundi peke yao. Hazina ya taarifa za lugha ya Unicode, CLDR, ina majina ya siku kwa Kikamba. Humo Jumatatu ni Wa kwambĩlĩlya, yaani siku ya kuanza, na Wa katatũ, siku ya tatu, ni Jumatano. Kiswahili huhesabu kuanzia Jumamosi, Kikamba kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Lugha zote mbili zina "siku ya tatu", lakini kati yake zipo siku mbili. Mtu anayefasiri kwa kufuata namba atawaita watu mkutanoni Jumatatu, ilhali mwenye kijiji amekusudia Jumatano. Wale waliojaza hazina hiyo walifanya kazi ya kiisimu, na bila kazi hiyo programu ingebaki na kalenda isiyo ya mtu yeyote.

Ikumbukwe kwamba orodha hii haina jambo lolote la anasa, na kwamba daftari la harambee la miaka ya 1970 lilitaka karibu mambo hayo hayo: maandishi yasomekayo, jumla iliyo sahihi, karatasi inayokubaliwa ofisini, na siku ya mkutano isiyokosewa.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kila kifaa kipya cha uandishi kiliingia Kitui na Makueni kikiwa na uwezo mwingi ambao haukuombwa, na kukosa uwezo mdogo uliohitajiwa. Taipureta haikuwa na kiwimbi. Majedwali ya kwanza ya tarakilishi yalikuwa na viwimbi vya wengine. Unicode imezitia herufi ndani lakini kibodi haizionyeshi. Katika kila hatua gharama ililipwa na lugha, kwa kuandikwa pungufu au kwa kuachwa isiandikwe.

Tofauti ya leo na ya jana ni kwamba kizuizi kilichobaki si cha chuma wala cha namba. Kilichobaki ni kazi ya wanalugha: orodha ya maneno, kanuni za viambishi, mpangilio wa kibodi, na violezo. Programu huru imewafungulia mlango, na hapahitajiki ruhusa ya mtu. Idara za lugha za Kiafrika zimeandika sarufi na kamusi ambazo wasomaji wake ni wanazuoni wenzao. Kamusi ya kukagulia tahajia ya Kikamba itakuwa na msomaji mwingine, katibu wa kikundi katika kijiji cha Mutomo au Kibwezi, ambaye hatajua jina la aliyeitunga, lakini atajua kwamba mashine haikatai tena neno andũ. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada ana hapa kazi ya miaka miwili, na matokeo yake yatatumika wiki ile ile yatakapokamilika.